Zawadi ya Kufungua Akaunti: Nani Anamlipa Nani?



Jambo lenyewe mnalijua. Kijana mwenye fulana ya benki amefungua mwavuli karibu na geti la chuo, au pembeni ya mnada wa Msalato siku ya Jumamosi, au ameomba ruhusa kwa mwalimu mkuu akaingia ofisi ya walimu wakati wa mapumziko. Mkononi ana kishikwambi na kifaa cha alama za vidole. Anasema, nipe namba yako ya NIDA, akaunti inafunguka hapa hapa. Kisha anataja zawadi. Ukipitisha mshahara miezi mitatu unawekewa kiasi fulani. Ukiweka amana unaingia kwenye droo ya pikipiki. Ukifungua mwezi huu hukatwi ada mpaka mwakani. Ukihamia kwetu mkopo wako unatoka siku hiyo hiyo.

Swali mlilonitumia kabla ya leo ni hili: je, inalipa? Nalijibu sasa hivi ili msingoje mpaka mwisho. Zawadi ya kufungua akaunti ni bei, na anayetoa bei ananunua kitu. Kama kitu hicho ulikuwa unakitoa siku zote bila kulipwa, ipokee zawadi na umshukuru aliyeileta. Lakini kama unatakiwa ubadili mwenendo wako, uhamishe mshahara, ufungie fedha au uchukue mkopo ambao hukuwa na haja nao, kaa chini upige hesabu kwa shilingi. Hapo ndipo watu wengi wanapouza kwa hasara huku wakidhani wamepewa.

Wazee waliomo humu wanakumbuka wakati ambao hapakuwa na benki iliyomfuata mtu. Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, benki za biashara zilitaifishwa, na kwa zaidi ya miaka ishirini Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ndiyo iliyoshika karibu kazi yote ya benki za biashara Tanzania Bara. Mteja alipanga foleni, akajaza fomu, akangoja. Hakupewa hata kalamu, sembuse pikipiki. Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991 ndiyo iliyowafungulia mlango watu binafsi. CRDB ikabinafsishwa mwaka 1996. Mwaka uliofuata NBC ikagawanywa na NMB ikazaliwa ikiwa na matawi mengi ya wilayani, na hisa nyingi za NBC yenyewe zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini mwaka 2000. Kuanzia hapo mteja akawa mtu wa kugombewa, na mkono mtupu haulambwi.

Hapa Dodoma kugombewa huko kumezidi, na sababu yake haijifichi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuja kwa kasi baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016, zikaja na maelfu ya watumishi wanaolipwa kila mwezi bila kukosa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kilikuwa kimeshaleta maelfu ya vijana wanaopokea fedha za Bodi ya Mikopo, lile boom lao. Kwa mtu wa benki, mji wa namna hii ni shamba la Ugogo lililojaliwa mvua mbili kwa mwaka.

Sasa tuulize benki inanunua nini.

Kwanza inanunua salio lako. Fedha iliyolala kwenye akaunti ya hundi au akaunti ya mshahara kwa kawaida haina riba. Ya akaunti ya akiba hupata riba ndogo, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa ikizunguka asilimia 3 kwa mwaka, na hiyo nayo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10 kabla hujaiona. Mabenki yetu kwa upande wao yanakopesha kwa wastani wa asilimia 15 hivi, na fedha nyingine huzipeleka kwenye hati fungani za Serikali. Chukua mtu ambaye, ukipiga wastani wa mwaka mzima, huacha shilingi 300,000 kwenye akaunti isiyo na riba. Benki ikizikopesha zote kwa asilimia 15 inaingiza shilingi 45,000. Hiyo haiwi faida yote: kuna mishahara ya wafanyakazi, kuna kiasi ambacho sheria inataka kiwekwe Benki Kuu, kuna wakopaji wanaokimbia. Hata hivyo mnaona kwamba zawadi ya shilingi 20,000 kwa mteja wa aina hii inaweza kurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mteja huyo kwa kawaida atakaa miaka mingi, kwa sababu kuhama benki ni kero na kila mmoja wetu huiahirisha.

Salio, hata hivyo, ndiyo sehemu ndogo. Kitu chenye thamani kubwa zaidi ni njia ambayo mshahara wako unapita, na hapa naomba mnivumilie nikae muda mrefu, hasa walimu, wauguzi na watendaji wa kata, maana ninyi ndio mnaotafutwa.

Mtumishi wa umma ni mkopaji ambaye kila benki ingependa kuwa naye. Mwajiri wake ni Serikali, mshahara una tarehe, na rejesho hukatwa kabla hajaugusa. Ile kanuni inayotaka makato yasimwache na chini ya theluthi moja ya mshahara wake inamlinda yeye, lakini pia inamwonyesha mkopeshaji kwa usahihi kabisa ni kiasi gani bado kinaweza kukatwa. Ofisa mauzo anapoomba kuona hati yako ya mshahara kabla hajakueleza habari za zawadi, anatafuta nafasi hiyo. Akiiona ni pana, zawadi inaongezeka.

Tupige hesabu. Mwalimu anakopa shilingi milioni 10 kwa miaka mitano. Benki ya kwanza inatoza asilimia 14 kwa mwaka kwenye salio linalopungua. Ya pili inatoza asilimia 16, lakini inampa zawadi ya shilingi 50,000 akihamishia mshahara kwake. Rejesho la benki ya kwanza ni karibu shilingi 232,700 kwa mwezi. La pili ni karibu 243,200. Tofauti ni shilingi 10,500 kwa mwezi. Zawadi imekwisha kabla ya mwezi wa tano kumalizika! Baada ya hapo imebaki miaka minne na nusu ya kulipia tofauti ile, na jumla yake kwa miaka mitano inafika kama shilingi 630,000. Kwa mtumishi wa kawaida hizo ni ada za mtoto, au ni bati za nyumba ya Nkuhungu iliyosimama kwenye renta kwa sababu fedha haikutosha.

Kuna mtego mwingine ambao nimeona hata wahasibu wazuri wakiupita bila kuuangalia. Unaambiwa riba ni asilimia 9 tu. Uliza neno moja: asilimia 9 ya nini? Kama ni ya salio linalopungua, shukuru, maana ni nafuu sana. Kama ni ya mkopo wote wa awali kwa kila mwaka, yaani riba bapa, basi kwa milioni 10 unalipa riba ya shilingi 900,000 mwaka wa kwanza, na unalipa 900,000 ile ile mwaka wa tano, wakati deni lililobaki ni dogo. Jumla unarudisha milioni 14 na nusu, sawa na shilingi 241,700 hivi kwa mwezi. Linganisheni na rejesho la yule wa asilimia 16 niliyemtaja: 243,200. Karibu ni kitu kimoja. Asilimia 9 iliyobandikwa ukutani na asilimia 16 iliyoandikwa kwenye mkataba zinaweza kuwa mkopo ule ule.

Na kuna biashara ya kununua deni. Unadaiwa na benki moja, nyingine inakuja kulilipa lile deni, inakuongezea kiasi mkononi, na juu yake inaweka zawadi ya kukaribishwa. Watumishi wengi hufanya hivyo kila baada ya mwaka au miaka miwili, na kila mara huondoka na furaha kwa sababu kuna fedha taslimu. Tazama kinachotokea ndani. Yule aliyekopa milioni 10 kwa asilimia 16, baada ya miezi 12 amesharejesha shilingi milioni 2.9. Deni limepungua kwa milioni 1.4 hivi tu. Nyingine yote ilikuwa riba, kwa kuwa miezi ya mwanzo ndiyo yenye riba nzito. Akilihamisha deni sasa na kuanza miaka mingine mitano, anairudia ile miezi yenye riba nzito tangu mwanzo. Ada ya kushughulikia mkopo anailipa upya, bima ya mkopo anailipa upya, na huenda benki ya kwanza ikamtoza kwa kulipa kabla ya wakati. Watu wanaofanya hivi mara tatu hufika umri wa kustaafu wakiwa bado wako mwaka wa kwanza wa deni. Hili linanisikitisha kuliko yote nitakayoyasema leo, kwa sababu wanaoangukia humo ni watu waliosoma, wenye kipato cha uhakika, na mara nyingi walichokuwa wanakihitaji ni milioni moja ya dharura.

Kwa hiyo mwenye mkopo, au anayekusudia kukopa ndani ya mwaka huu, asianze na zawadi. Aanze na riba, aina ya riba, ada na bima. Zikilingana kati ya benki mbili, ndipo zawadi itumike kuamua.

Nitoke kwenye mikopo niende kwenye makato, ambayo ndiyo yanayomla mteja asiyekopa. Akaunti ina ada ya mwezi, ada ya kutoa fedha kwenye mashine, ada ya kutoa kwa wakala, ada ya kuangalia salio, ada ya ujumbe wa simu, ada ya kadi na ya kuibadili ikipotea. Tangu Julai 2016 ada za huduma za benki zinatozwa VAT, na mtakumbuka malumbano ya mwaka ule kuhusu nani abebe mzigo huo, benki au mteja. Ada hizo zina ushuru wa bidhaa pia. Unapoonyeshwa orodha ya bei, uliza kama kodi zimeshajumlishwa, kwa maana shilingi 2,000 iliyoandikwa inaweza kuwa 2,360 kwenye simu yako.

Njia ya uhakika ya kupima toleo la "akaunti isiyo na makato" ni kuchukua taarifa ya akaunti yako ya sasa ya miezi mitatu na kuzungushia kila kato kwa kalamu. Utashangaa yalivyo mengi madogo madogo. Jumlisha, gawanya kwa tatu, umepata gharama yako ya mwezi. Halafu pita na mwenendo ule ule kwenye orodha ya benki mpya: ni mara ngapi unatoa kwa wakala, mara ngapi unatuma kwenda benki nyingine, mara ngapi unalipia umeme. Akaunti isiyo na ada ya mwezi lakini yenye ada kubwa kwa wakala inaweza kumfaa mfanyakazi wa Mji wa Serikali Mtumba mwenye mashine ya kutolea fedha karibu na ofisi yake, na ikamuumiza mwalimu wa kijijini Mpwapwa ambaye kwake benki ni duka la wakala na hakuna kingine.

Mkulima ana hesabu ya peke yake. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Makutupora, au wa ufuta na mbaazi anayeuza kupitia chama chake cha msingi, hapokei fedha kila mwezi. Hupokea mara moja au mbili kwa mwaka, huzitoa karibu zote kwa ajili ya mbolea, vibarua na ada za shule, na kwa miezi mingi iliyobaki akaunti inakaa kimya. Tuseme akaunti ina ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi kabla ya VAT. Kwa mwaka ni 24,000. Ukiongeza asilimia 18 inakuwa 28,320. Mkulima huyu akipewa shilingi 10,000 ili aifungue, amelipa zaidi ya elfu ishirini na nane kwa kupewa elfu kumi, na mwaka wa pili hakuna hata hiyo zawadi. Yeye atafute akaunti isiyo na ada ya mwezi hata kama haina zawadi yoyote, na zipo. Benki ya Ushirika iliyozinduliwa hapa hapa Dodoma Aprili 2025 imeundwa kwa ajili ya watu wa aina yake, nami naitakia heri. Nayo aipime kwa kipimo hiki hiki, kwa kusoma orodha ya makato kabla ya kusoma bango.

Kuhusu droo nitasema kwa kifupi. Kampeni za mabenki yetu zimetoa magari, pikipiki, safari na fedha taslimu, na droo zenyewe husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Sina sababu ya kudhani kwamba washindi ni wa kutungwa. Lakini gawanya. Zawadi zote zikiwa na thamani ya shilingi milioni 200 na walioingia kwenye droo wakiwa milioni moja, fungu la kila mtu ni shilingi 200. Kama unatumia kadi au unaweka amana kwa sababu zako mwenyewe, jina lako liingie, hakuna ubaya. Kuhamisha akiba ili uingie kwenye droo ni kuihamisha kwa ajili ya shilingi 200.

Masharti ya kufungia fedha nayo yana gharama isiyoonekana. Ukitakiwa kuacha milioni 2 kwa miezi sita ili upewe shilingi 30,000, jiulize fedha hiyo ingefanya nini mahali pengine. Ikiwa kuna pahala halali panapokupa asilimia 10 kwa mwaka, ungepata 100,000 kwa miezi hiyo sita. Pahala hapo pengine ni amana ya muda maalumu ya benki nyingine, pengine ni mifuko ya UTT AMIS, pengine ni hati fungani za Serikali ambazo mtu binafsi anaweza kuanza nazo kwa shilingi milioni 1, pengine ni gunia la alizeti lililonunuliwa wakati wa mavuno na kusubiri bei. Mfanyabiashara wa Kibaigwa hahitaji mhadhara wangu kujua kwamba fedha inayozunguka kwenye mahindi msimu wa mavuno isingekaa benki kwa ajili ya elfu thelathini.

Ninyi wanafunzi hali yenu ni nyepesi zaidi. Akaunti mnahitaji, kwa sababu boom lazima lipitie mahali. Salio lenu halikai, kwa hiyo benki haiwezi kupata mengi kwenu leo; inawataka kwa ajili ya mshahara wenu wa kesho. Hiyo inawapa nguvu ya kuchagua. Chukueni akaunti yenye makato madogo, pokeeni zawadi inayokuja nayo, na mkiajiriwa anzeni upya kutazama soko kana kwamba hamjawahi kuwa na benki. Uzoefu unaonyesha wengi hawafanyi hivyo, na benki inalijua hilo.

Nimeulizwa na ndugu kutoka Kondoa kuhusu upande wa dini. Mimi si mwanazuoni, ila naweza kueleza jinsi wanazuoni wa fikihi ya miamala wanavyoliangalia. Fedha kwenye akaunti ya hundi wanaihesabu kuwa ni mkopo ambao mteja ameipa benki, na manufaa yaliyowekewa sharti juu ya mkopo huingia kwenye mlango wa riba. Kwa sababu hiyo zawadi inayotolewa kwa sharti la kuweka fedha inaleta shaka kwao hata pale benki inapoiita hisani, na droo inaongeza suala la kamari. Nchini mwetu ipo Amana Bank, na mabenki mengine kadhaa yamefungua madirisha ya Kiislamu yenye bodi za sharia. Muulizeni mjumbe wa bodi hiyo swali hili moja kwa moja. Kazi yake ndiyo hiyo.

Wenzetu wa nje wamepita njia hii zamani. Marekani, sheria ya mwaka 1933 ilizikataza benki kulipa riba kwenye akaunti za hundi, nazo zikatafuta namna nyingine ya kuvuta wateja kwa kugawa vyombo vya nyumbani. Katazo lilifutwa mwaka 2011, na leo ndugu zetu walioko huko hupewa dola mia mbili au tatu kwa kufungua akaunti na kupitishia mshahara, fedha ambayo huhesabiwa kama riba na kutozwa kodi ya mapato. Uingereza walifanya jambo ambalo nalitamani. Tangu Septemba 2013 wana huduma ya kuhamisha akaunti ndani ya siku saba za kazi, na benki mpya ndiyo inayohamisha malipo yote ya kudumu. Mteja anasaini, basi. Kwa kuwa kuhama ni rahisi, benki haziwezi kumchukua mtu kwa zawadi na kumkamua baadaye kwa makato. Kwetu kazi yote ya kuhama ni ya mteja: barua kwa mwajiri, kungoja mzunguko wa mshahara, kufuatilia mkopo uliobaki. Benki Kuu imeshatujengea mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaounganisha mabenki na mitandao ya simu. Hatua ya kumrahisishia mteja kuhama ingewafaa Watanzania kuliko kampeni zote za pikipiki nilizowahi kuziona.

Na tusisahau kwamba kuna zawadi isiyo na sharti. Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza kuwagawia wateja wake faida inayotokana na fedha zao zilizohifadhiwa kwenye mabenki, kila mmoja kwa kadiri ya salio lake na matumizi yake. Hakuna aliyeambiwa ahamishe kitu. Kiasi kilikuwa kidogo kwa mtu mmoja mmoja, lakini kanuni yake ni ya haki: fedha ni yako, na inapozaa, nawe unapata.

Usalama nao uko ndani ya bei. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano ndogo kwa siku moja, zikiwemo Covenant, Efatha na Benki ya Wananchi Njombe, kwa sababu mtaji wao haukutosha. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa inafidia hadi shilingi 1,500,000 kwa mteja. Kuanzia mwaka 2023 kiwango kimepandishwa hadi 7,500,000. Mwenye chini ya hapo ana nafuu, ingawa kungoja fidia nako ni adha. Mwenye zaidi ya hapo asiweke yote kwenye benki moja kwa kuvutwa na zawadi. Na anayewaahidi faida nono bila leseni ya Benki Kuu si benki hata akiwa na ofisi yenye vioo. Waliopanda mbegu zao kwenye upatu wa DECI mpaka Serikali ilipoisimamisha mwaka 2009 hawakuwa na bima ya amana ya kukimbilia.

Nimalizie na kutoka, kwa sababu zawadi nyingi hupotelea huko. Kabla ya kusaini uliza mambo haya na utake yaandikwe: zawadi inaingia tarehe ngapi, ni kwa sharti gani hasa, na nikifunga akaunti kabla ya muda fulani inarudishwa? Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma akueleze gharama na masharti kabla hujajifunga, kwa hiyo huombi fadhila. Akaunti usiyoitaka usiitelekeze. Baadhi ya akaunti huendelea kudai ada hata salio likiisha, na siku ukiweka fedha humo inamezwa. Nenda tawini na barua yenye nakala mbili, rudisha kadi, lipa kinachodaiwa, nakala yako igongwe muhuri wa tarehe, kisha dai uthibitisho kwamba akaunti imefungwa na utunze pamoja na hati zako za mshahara. Zawadi uliyoahidiwa isipoingia, anza kwa malalamiko ya maandishi kwenye tawi lenyewe, na wasipokujibu peleka nakala yenye muhuri kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu. Msiende na maneno matupu. Nendeni na karatasi yenye masharti, taarifa ya akaunti inayoonyesha kwamba mliyatimiza, na tarehe.

Sasa nakaribisha maswali. Wenye hati za mshahara na mikataba ya mikopo waliyokuja nayo wabaki baada ya mkutano, tukae nazo mezani pamoja.